Giaboksi Zilizovuka Ziwa: Historia ya Vipuri Kuukuu Kwenye Mwambao wa Rumonge

Mashine za kwanza zilizofika Ziwa Tanganyika hazikufika nzima. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua iitwayo Lady Alice, iliyoundwa Uingereza kwa vipande ili wapagazi waweze kuibeba mabegani kutoka Bagamoyo. Mwaka 1885 wamisionari wa London Missionary Society waliteremsha majini Good News, stima ya kwanza ya ziwa hili, nayo ilikuwa imeletwa vipande vipande na kuunganishwa ufukweni. Kisha ikaja kubwa kuliko zote: Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Iliteremshwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wao walizipaka injini grisi nene. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta vyuma ambavyo bado vinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Naanza na vyombo vya majini kwa sababu magari ya mwambao wa Burundi yaliingia kwa mlango huohuo. Rumonge iko kilomita sabini na ushei kusini mwa Bujumbura, kwenye ukanda mwembamba wa ardhi kati ya milima na maji. Ni mji wa wavuvi, wa michikichi na mawese, na mji wa Waswahili tangu siku za wafanyabiashara wa Ujiji waliopanda na kushuka pwani hii kwa mitumbwi. Barabara yake kuu, ya tatu katika hesabu ya barabara za taifa, inafuata ziwa kutoka Bujumbura, inapita Kabezi, Magara na Minago, inaingia Rumonge, kisha inaendelea hadi Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania. Sehemu nyingine mlima unakaribia kutumbukia ziwani na barabara imebanwa katikati, kama pale Gitaza, ambapo kila masika udongo na mawe hutishia kuifunga. Dereva anayepanda kutoka Rumonge kwenda Bururi na shehena ya mawese anapandisha mzigo wake takriban kilomita moja juu ya usawa wa ziwa. Katika mlima wa namna hiyo, chombo kinachoamua kama gari litafika ni giaboksi.

Wabelgiji waliiteka Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, mwaka 1916. Tarehe 15 Machi 1921 Uingereza na Ubelgiji zilitia saini mkataba ulioipa Ubelgiji maeneo yake ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Maeneo hayo yakajulikana kama Belbase. Kuanzia hapo gari la Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo, pamoja na kila kipuri chake, kwa kawaida lilishushwa Dar es Salaam, likapakiwa treni kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,200, kisha likavushwa ziwa hadi Usumbura. Kifaa kilichovunjika leo kilihitaji barua, meli, behewa na meli nyingine ndipo kipate mwenzake. Mwenye lori hakuweza kukaa miezi akingoja, kwa hiyo gari lililokufa halikutupwa. Liliegeshwa nyuma ya nyumba na kuanza kufunguliwa.

Dunia ya watengeneza magari ilikuwa imeshajifunza jambo hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1908, kwenye uwanja wa mashindano wa Brooklands karibu na London, Klabu ya Kifalme ya Magari ya Uingereza ilisimamia jaribio la magari matatu ya Cadillac. Yalifunguliwa yote, vyuma vyake vikachanganywa kuwa rundo moja, vifaa 89 vikatolewa na kubadilishwa na vipya kutoka ghala la muuzaji, kisha mafundi wakayaunganisha tena kwa spana na bisibisi, bila kupiga tupa. Magari yaliwaka na yakakimbia maili 500. Cadillac ikatunukiwa kombe la Dewar, kwa maana siku zile magari mengi ya Ulaya yalikuwa bado yakikamilishwa kwa mkono na kifaa cha gari moja hakikukubali gari lingine, hata kama yote mawili yametoka kiwanda kimoja. Kilichoonyeshwa Brooklands ni nidhamu ya kiwanda. Kwenye mwambao wetu suala lilikuja kinyume chake: magari hayafanani, viwanda viko mbali, vitabu vya mtengenezaji havipo, na bado lazima kipatikane cha kuingiliana. Kazi iliyofanywa kule na mashine za kupimia, huku ilifanywa na macho, vidole na kumbukumbu za mafundi, na ninaamini kabisa kwamba elimu hiyo inastahili kuhesabiwa katika historia ya ufundi sawa na ile ya Brooklands.

Kwa nini giaboksi hasa? Kwa sababu injini ina namna nyingi za kuponywa na fundi wa kawaida. Silinda huchongwa upya, pistoni na ringi hubadilishwa, krankshafti husagwa na kuvalishwa vyuma vya saizi nyingine. Bodi ya gari hugongwa na kuchomelewa. Jino la gia halina dawa hiyo. Limekatwa kwa mshazari kwa mashine maalumu, likakomazwa kwa moto ili ngozi yake iwe ngumu na kiini chake kibaki na unyumbufu. Ukilijaza kwa weldingi, moto unaharibu ule ugumu, na jino litakatika tena mlima wa kwanza. Gia iliyong'oka meno haina tiba ila gia nyingine, na hiyo nyingine iko ndani ya giaboksi ya gari lingine. Hapo ndipo swali la utambulisho linapozaliwa: hii niliyoipata ni ndugu wa ile iliyovunjika, au inafanana nayo sura tu?

Giaboksi za mwanzo zilikuwa na gia zinazoteleza juu ya shafti hadi meno yakutane, na dereva asiyejua kulinganisha mwendo wa injini na mwendo wa magurudumu alizisaga. Cadillac hiyohiyo ndiyo iliyoingiza sokoni, mwaka 1928, ringi za shaba zinazosugua na kusawazisha mwendo kabla meno hayajashikana. Ila uvumbuzi ule ulichelewa sana kwenye magari ya kazi. Land Rover, iliyoanza 1948, ilikuwa na ringi hizo kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Ya kwanza na ya pili zilihitaji dereva akanyage klachi mara mbili. Ni mwaka 1971, na toleo la Series III, ndipo gia zake zote nne za mbele zilipopata usawazishaji. Ubelgiji yenyewe iliunda Land Rover za jeshi lake chini ya jina la Minerva kuanzia 1952, zikiwa na mitambo kutoka Solihull, kiwanda cha Land Rover Uingereza.

Land Rover iliwafundisha mafundi wa Afrika Mashariki na Kati somo la kwanza la utambulisho, nalo lilikuwa chungu. Kiwanda kilibadilisha vitu vya ndani bila kubadilisha umbo la nje, kikaweka herufi moja mwishoni mwa namba ya giaboksi: A, kisha B, kisha C, na kuendelea. Aliyesoma namba na kuiacha herufi alinunua gia au beringi ya toleo jingine, akaja kugundua wakati giaboksi imeshafunguliwa na gari limelala juu ya magogo. Miaka ya baadaye Waingereza walitoa giaboksi ambayo jina lake lenyewe linabeba kipimo: LT77, ambapo 77 ni milimita kati ya kitovu cha shafti kuu na kitovu cha shafti ya chini. Kipimo hicho nitakirudia, kwani ndicho kinachotawala kila ndoa ya gia.

Volkswagen nayo ilikuwa na mpaka wake. Giaboksi za Beetle, yaani Kobe, za zamani ziligawanyika katikati kwa urefu, nusu ya kulia na nusu ya kushoto. Kuanzia matoleo ya 1961 bodi ikawa kipande kimoja na gia zote nne zikapata usawazishaji. Fundi aliyeziona zote mbili hakuhitaji namba. Alipitisha mkono chini ya gari, akatafuta mstari wa maungio.

Lakini gari lililojenga heshima katika nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji na Wafaransa, na hata kwa jirani zao wa Kiingereza, ni Peugeot. Ile 404, iliyoanza kutengenezwa 1960, ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na mara mbili za katikati usukani ulikuwa kwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Iliyofuata, 504 ya mwaka 1968, iliendelea kuunganishwa Kenya hadi 2004, muda mrefu baada ya Ufaransa kuacha kuitengeneza. Hii ndiyo sababu vipuri vyake vilipatikana upande huu wa Afrika kwa miaka mingi kuliko kwao. Giaboksi ya familia ya BA7 ilihudumu kwenye 404 za mwisho na kwenye 504, ya gia nne na baadaye ya gia tano, kwa hiyo mwenye 504 iliyopinduka alikuwa na hazina kwa mwenye 404 inayotembea. Ilikuwa na tabia moja iliyowatenga wanaoijua na wasioijua: ilitumia oili ya injini. Mtu aliyezoea malori aliijaza oili nzito ya gia, na asubuhi gia zikagoma kuingia kwa sababu ringi za shaba zilishindwa kuikata oili ile. Giaboksi nyingi nzuri zilihukumiwa kuwa mbovu, zikafunguliwa na kuharibiwa, kumbe kosa lilikuwa kwenye kopo la oili.

Toyota ilipotawala, kuanzia miaka ya 1970 na kuendelea, utambulisho ulipata lugha yenye mpangilio. Kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria kuna kibati kidogo cha chuma. Kinataja modeli, injini, namba ya fremu, rangi, na mstari wa mwisho wenye alama ya giaboksi na ya ekseli. Herufi ya kwanza ni ukoo: K kwa Corolla ndogo za zamani, T kwa wakubwa zao, W, L, G na R kwa Hilux na jamaa zake, H kwa Land Cruiser. Tarakimu inayofuata kwa kawaida inaonyesha idadi ya gia: K40 ina nne, K50 ina tano. Herufi F mwishoni, kama kwenye H55F, ni ya gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kwa gari jipya kibati hicho kinatosha. Kwa gari lenye miaka thelathini kinaeleza giaboksi ambayo gari lilizaliwa nayo, na huenda hiyo imeshatolewa zamani. Namba iliyoinuka kwenye bodi ya aluminiamu ya giaboksi nayo hupotosha wengi. Ni namba ya bodi. Bodi moja huweza kubeba seti tofauti za gia, na seti ndiyo anayoitafuta mwenye mzigo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa 1960 hadi 1984. Zile za gia nne zina giaboksi mbili zinazofanana kwa nje: H41 na H42. Gia ya kwanza ya H41 ina uwiano wa 4.93. Ya H42 ina 3.56. Kwenye tambarare ya Nyanza-Lac hutaona tofauti. Kwenye mlima wa Bururi, ukiwa na mapipa ya mawese nyuma, ile ya 4.93 inaondoka taratibu na kwa heshima, wakati ya 3.56 inamlazimisha dereva kuteleza klachi hadi harufu ijae kwenye kabini. Mwenye gari atanunua klachi mpya, ataichoma, atanunua nyingine, na ugonjwa hauko kwenye klachi.

Basi giaboksi inapoletwa gereji bila gari lake, imepakwa matope na namba haisomeki, mteja huwa na hakika yake. “Fundi, hii ni ileile, nimeambiwa na aliyeniuzia.” Na fundi anayejua kazi hujibu kwa upole: “Tulia kwanza, kaka, tuizungushe.” Giaboksi inalazwa juu ya tairi kuukuu. Kijana anafuta shafti ya mbele kwa kitambaa chenye dizeli, anachora mstari wa chaki juu yake na mwingine kwenye shafti ya nyuma. Gia ya kwanza inaingizwa kwa kusukuma reli yake kwa bisibisi. Kisha anaizungusha shafti ya mbele kwa mkono na kuhesabu kwa sauti mpaka ya nyuma imalize mzunguko mmoja kamili. Ikichukua mizunguko mitatu na nusu na kidogo, ni H42. Ikikaribia mitano, ni H41, au ni H55F ya gia tano ambayo gia yake ya kwanza ni 4.84. Kuzitenga hizi mbili za mwisho ni rahisi: ikiwa ipo gia inayoifanya shafti ya nyuma ikimbie kuliko ya mbele, karibu mizunguko kumi na miwili kwa kumi, hiyo ni ya tano ya H55F. Hakuna kompyuta iliyotumika, na jibu ni sahihi.

Kugundua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua nini kitakubali kuhama. Kwa nje fundi anakagua mambo manne au matano kabla hajashika spana. Idadi ya meno ya mwanzo wa shafti, yanayoingia kwenye sahani ya klachi, na unene wake. Urefu wa ncha inayoingia kwenye beringi ndogo nyuma ya krankshafti: ikizidi, inagonga na kusukuma, ikipungua, inaning'inia na kula beringi. Mpangilio wa bolti za kava linaloshika injini. Mahali mpini wa gia unapotokea, kwani hata milimita mia moja humaanisha kukata sakafu. Na meno ya nyuma yanayopokea propela shafti, pamoja na kigia kidogo cha plastiki kinachoendesha mita ya mwendo. Kwenye ukoo wa W wa Toyota kava la mbele hufunguliwa peke yake, kwa hiyo giaboksi moja hukaa nyuma ya injini mbalimbali kwa kubadilisha kava tu. Fundi aliyehifadhi makava matatu ukutani ana majibu ya magari mengi.

Kwa ndani sheria ni kali zaidi, na hapa ndipo pesa za watu zimepotea kwa wingi. Umbali kati ya shafti mbili ndani ya bodi haubadiliki. Gia ya juu ikiongezwa meno, mwenzake wa chini lazima apunguziwe, ili jumla yao ijaze nafasi ileile. Mteremko wa meno nao lazima ulingane, nyuzi kwa nyuzi. Kwa hiyo gia hazihami moja moja, zinahama kwa jozi. Tena kwenye giaboksi nyingi za zamani gia za chini zimechongwa zote kwenye chuma kimoja kirefu, kama mtu na mgongo wake. Anayetaka gia ya kwanza ya H41 ndani ya bodi nyingine hachukui gia moja. Anachukua shafti ya chini nzima, gia zinazokutana nayo, na shafti ya mbele inayoizungusha. Aliyechanganya gia mpya na mwenzake mkongwe atasikia mlio siku ya kwanza, na atarudi kabla mwezi haujaisha, kwa maana meno yaliyochakaa pamoja yamechongana kwa sura yao, na mgeni hana sura hiyo.

Elimu hii haikukua kwa starehe. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianzia mwambao huu, Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata nchi nzima yaliwafanya watu kwa makumi ya maelfu wavuke ziwa na mpaka. Wengi walipelekwa Tanzania, kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Familia ziliondoka na zilichoweza kubeba, na ufundi haulemei mzigo. Kuanzia 2008 sehemu ya watu hao na watoto wao walirudi Rumonge na Nyanza-Lac, wengi wakiongea Kiswahili vizuri kuliko Kirundi, wakikuta mashamba yana wenyewe wengine. Mtu asiye na shamba anahitaji kazi ya mikono.

Katikati ya kuondoka na kurudi kulikuwa na vita iliyoanza 1993, na ndani ya vita hiyo kukaja vikwazo. Pierre Buyoya alitwaa madaraka Julai 1996, na tarehe 31 mwezi huohuo viongozi wa nchi jirani waliokutana Arusha walitangaza kuifungia Burundi biashara. Mpaka wa Tanzania, njia ya Kigoma na Dar es Salaam, mlango uleule wa mkataba wa 1921, ukafungwa. Vikwazo viliondolewa Januari 1999. Kwa zaidi ya miaka miwili mafuta na vipuri viliingia kwa magendo na kwa bei ya magendo, vingi kwa mitumbwi ya usiku. Ziwa lilirudia kazi yake ya karne iliyotangulia: kupitisha mashine kwa vipande, kadiri mtumbwi unavyoweza kubeba. Giaboksi nzima ya gari dogo hubebwa na watu wawili. Ile ya lori hufunguliwa kwanza.

Naamini miaka ile ndiyo iliyokamilisha elimu ya kubadilishana. Kabla yake fundi aliuliza: nitapata wapi ya gari hili? Wakati ule aliuliza: katika yaliyopo mjini, lipi lina tumbo linalolingana na hili? Bujumbura jibu lilitafutwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili ambao hadi leo vichochoro vyake vimejaa gereji na maduka ya spea. Rumonge ilitegemea Buyenzi, na barabara kati yao ilikuwa ya hatari, yenye mashambulizi ya kuvizia magari. Kwenda Bujumbura kuuliza kama kipuri kinaingiliana ilikuwa kuhatarisha roho. Ulipaswa kujua kabla ya kuondoka, kwa kipimo ulichochukua mwenyewe, kwenye karatasi au kwenye kamba yenye fundo.

Amani ilileta magari ya aina nyingine. Jeshi la Umoja wa Mataifa, ONUB, lilikuwepo 2004 hadi 2006, na mashirika ya misaada yalijaa Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya 1HZ. Zile za miaka ya 1990 zilibeba H55F, na matoleo ya baadaye yakabeba R151F. Kwa mtu wa barabarani ni Land Cruiser zote. Kwa fundi ni koo mbili, H na R, na haziazimani hata beringi kwa kubahatisha.

Leo barabara ya Rumonge ni ya magari madogo. Ni zile Corolla ambazo Burundi nzima inaziita TI, na Probox zinazobeba abiria, dagaa na mikungu ya ndizi kwa pamoja. Giaboksi zake za kubadilishwa kwa mkono ni za ukoo wa C, zimekaa ubavuni mwa injini na difu iko humohumo ndani. Jambo hili limebadilisha hesabu. Zamani mtu alirekebisha nguvu ya mlima kwa kubadilisha difu ya nyuma na kuiacha giaboksi ilivyo. Kwenye TI uwiano wa mwisho umo ndani ya bodi moja na gia, kwa hiyo giaboksi mbili zenye gia sawa zaweza kutofautiana kwenye difu, na mteja akaondoka na gari linalolia barabarani kwa mizunguko mingi au linalokosa pumzi mlimani. Dawa ni ileile ya chaki na kuhesabu, ila sasa unashika upande mmoja usizunguke, na unakumbuka kuugawa kwa mbili mzunguko wa upande wa pili.

Ziwa nalo limeingia kwenye gereji. Tangu karibu 2020 maji yamepanda na kufunika nyumba na njia kwenye mitaa ya chini ya Rumonge, Kanyenkoko ikiwemo. Wazee waliona hali kama hiyo miaka ya 1960. Giaboksi ina tundu dogo la kupumulia juu yake. Gari lililotoka safari likiwa na joto likipita kwenye maji baridi, hewa ya ndani inajikunja na kuvuta maji kupitia tundu hilo. Oili inageuka rangi ya maziwa, na beringi zinaota kutu usiku gari likiwa limelala. Mafundi wenye busara wanaunganisha tundu hilo na mpira mwembamba unaopanda hadi juu ya injini, jambo ambalo magari ya misafara ya jangwani na mitoni yamelifanya kwa miaka mingi.

Na sasa kuna sura mpya. Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani yanafika yakiwa na giaboksi ya otomatiki, ambayo kwa fundi wa mwambao ni gharama isiyo na mwisho, hasa pale betri inapokufa na gari linatakiwa kusukumwa ili liwake. Hivyo kazi inayoombwa ni kuivua na kuvisha ya kawaida kutoka kwenye TI iliyokufa. Inahitaji flaiwili badala ya ile sahani nyembamba ya otomatiki, beringi ndogo nyuma ya krankshafti, pedali ya klachi na pampu yake, mpini na waya zake, ekseli za urefu unaofaa, na mwisho waya mbili za swichi inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye gia, ambazo lazima ziunganishwe la sivyo stata haitazunguka. Ndiyo maana anayenunua TI mbovu ya kuvunjavunja, kabla ya kuuliza habari ya injini au milango, hulala chini ya gari na tochi kuangalia giaboksi ni ya namna gani.